Jinsi ya kufuatilia maamuzi ya wilaya ya shule: mwongozo kwa wazazi wazungumzao Kiswahili Marekani

Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo katika shule za umma za Jefferson County, Louisville, Kentucky, mabasi yalichelewa kiasi kwamba watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa siku zilizofuata ili mpango urekebishwe. Familia nyingi zizungumzazo Kiswahili zinaishi mji huo, na wazazi walibaki wakiulizana: nani aliamua hivi, na lini?

Jibu lilikuwepo. Saa mpya za kuanza masomo, ambazo ratiba ya mabasi ilijengwa juu yake, zilikuwa zimepigiwa kura na bodi ya elimu miezi kadhaa kabla, kwenye mkutano wa wazi, na nyaraka zikiwa mtandaoni. Mwaka uliofuata, bodi hiyohiyo ikaondoa basi kwa karibu shule zote za kuomba nafasi, zile ziitwazo magnet. Hilo nalo lilipita kwenye ajenda kwanza.

Barua inayokuja kwenye begi la mtoto hutangaza jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kulikuta jambo hilo mapema, likiwa bado ni pendekezo. Mfano wangu mkuu ni Louisville, lakini utaratibu unafanana sehemu nyingi za nchi. Pale unapotofautiana nitasema.

1. Jua uko wilaya gani, na nani ana kauli

Nyumbani tumezoea wizara moja, mtaala mmoja na mtihani mmoja wa taifa. Marekani haiko hivyo. Serikali ya shirikisho huchangia takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya fedha za shule za umma. Zinazobaki hutoka serikali ya jimbo na kodi za mtaani, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Ukiwa mpangaji usijihesabu uko nje ya jambo hili, maana mwenye nyumba huitia kodi hiyo ndani ya pango lako. Kwa sababu hiyo maamuzi mengi yanayogusa siku ya mtoto wako (basi, saa ya kuingia, mipaka ya shule, idadi ya walimu, kufungwa kwa shule) hufanywa na wilaya ya shule, nazo zipo takriban 13,000 nchi nzima.

Jina la mji kwenye anwani yako halitoshi. Ukiishi Clarkston, Georgia, shule zako zinaendeshwa na DeKalb County School District. Ukiwa Houston, unaweza kuwa chini ya Houston ISD (ISD ni Independent School District, yaani wilaya ya shule inayojitegemea) ilhali rafiki yako wa mtaa wa pili yuko Alief ISD, na mikutano ya wilaya moja haina uzito wowote kwa nyingine. Njia ya haraka: soma maandishi ubavuni mwa basi la shule linalopita mtaani kwako. Mara nyingi ni jina la wilaya. Kisha lihakikishe kwenye barua yoyote rasmi ya shule.

Ukishaijua wilaya, uliza bodi yake inapatikanaje. Jefferson County ina wajumbe saba, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa eneo lake kwa miaka minne. Philadelphia ina wajumbe tisa wanaoteuliwa na meya. Chicago ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa bodi Novemba 2024. Bodi yake sasa ina watu 21, baadhi wamechaguliwa na wengine wameteuliwa na meya, na kuanzia Januari 2027 wote watakuwa wa kuchaguliwa. Houston ni habari nyingine kabisa: jimbo la Texas liliichukua wilaya hiyo Juni 2023 na kuweka wasimamizi wake, hivyo mjumbe uliyempigia kura hakubaki na mamlaka. Jambo hili lijue mapema, la sivyo utamwandikia barua nzuri mtu asiyeweza kukusaidia.

Bodi huajiri mtu mmoja mkuu, Superintendent, yaani msimamizi mkuu wa wilaya. Yeye na ofisi yake ndio wanaoandaa mapendekezo. Bodi huyapitisha, huyarekebisha au huyakataa. Andika mahali jina la mjumbe wa eneo lako, barua pepe yake, na siku ambayo bodi hukutana.

2. Tenganisha jambo la mtoto wako na jambo la wilaya

Wazazi wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wamegonga mlango usio wao. Mwanao akionewa darasani, akipewa alama usizozielewa, au dereva akimpita kituoni, anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisi ya wilaya. Bodi haitasikiliza kesi ya mtoto mmoja kwenye mkutano wa hadhara, na haifai kumtaja mtoto huko.

Lakini dereva akiwapita watoto wa mtaa mzima kwa mwezi mzima, hilo sasa ni suala la usafiri wa wilaya, na kuna kifungu cha bajeti nyuma yake. Swali la kujiuliza: je, jambo hili lingenigusa hata kama mwalimu na mwalimu mkuu wangekuwa watu wema kabisa? Kama ndiyo, lifuatilie kwenye bodi.

3. Uwe na kalenda ya fedha ukutani

Mambo makubwa hujificha kwenye bajeti, na bajeti ina majira yake. Katika majimbo mengi mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kentucky ina tarehe tatu zilizowekwa na sheria: rasimu ya kwanza hupitiwa na bodi kufikia Januari 31, bajeti ya muda hupitishwa kufikia Mei 30, na bajeti ya kufanyia kazi kufikia Septemba 30. California kila wilaya hupitisha bajeti yake, pamoja na mpango wa matumizi na uwajibikaji uitwao LCAP, kufikia Julai 1.

Kati ya tarehe hizo, mimi naona Januari ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wazazi hujaa ukumbini mwezi Mei, wakati walimu wameshapewa barua za kuachishwa. Januari viti ni vitupu, na namba bado zinasogea.

Ukisoma bajeti usijaribu kuimeza yote. Tafuta mambo matatu tu. Kwanza, shule ya mtoto wako imepewa nafasi ngapi za walimu mwaka huu na mwaka ujao. Pili, walimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ambao kwenye nyaraka huandikwa EL, ML au ESL, wameongezwa au wamepunguzwa, na idadi ya wanafunzi hao imekwendaje. Tatu, fedha za mkupuo mmoja zinazokaribia kuisha.

Hili la tatu lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo chanzo cha maumivu mengi ya miaka hii. Wakati wa korona, Bunge la Marekani lilitoa takriban dola bilioni 190 kwa shule, fedha zilizojulikana kama ESSER. Wilaya nyingi ziliajiri washauri, wakalimani, wauguzi na walimu wa ziada kwa fedha hizo. Muda wa kuingia mikataba mipya ya fungu la mwisho uliisha Septemba 30, 2024. Watu wale walipoondoka, wazazi walidhani shule imewachukia, kumbe mshahara wao ulikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kila unaposikia habari njema ya programu mpya shuleni, uliza inalipwa na fungu gani na fungu hilo linaisha lini.

4. Isome ajenda kama mtu anayetafuta kitu

Kila bodi hulazimika kisheria kutangaza mikutano yake. California, kwa sheria ya 1953 iitwayo Brown Act, ajenda ya mkutano wa kawaida hubandikwa saa 72 kabla. Kentucky, mkutano maalumu hutangazwa angalau saa 24 kabla, na bodi hairuhusiwi kujadili kitu kilicho nje ya ajenda hiyo. Nenda kwenye tovuti ya wilaya, tafuta ukurasa wa Board of Education au School Board, kisha neno Meetings au Agendas. Kama kuna sehemu ya kujiandikisha upate barua pepe kila ajenda inapotoka, jiandikishe leo.

Ukiifungua ajenda utaona vichwa vya Kiingereza. Vinavyokuhusu ni vichache.

Consent Agenda ni furushi la mambo yanayopitishwa kwa kura moja bila mjadala. Mengi ni ya kawaida: ankara, likizo, ukarabati wa paa. Lakini mikataba mikubwa nayo hupitia humo. Mjumbe yeyote anaweza kuomba kipengele kimoja kitolewe kwenye furushi ili kijadiliwe, nawe unaweza kumwomba mjumbe wako afanye hivyo, mradi umwandikie kabla ya siku ya mkutano.

Action Item ni jambo la kupigiwa kura usiku huohuo. Information au Discussion Item ni jambo linalojadiliwa tu, na kura yake itakuja baadaye. First Reading ni pale kanuni mpya inaposomwa mara ya kwanza. Ukikutana na aina hizi mbili za mwisho, furahi, kwa kuwa umefika kwa wakati. Executive Session au Closed Session ni kikao cha faragha, kinachoruhusiwa kwa mambo kama kesi mahakamani, watumishi au ununuzi wa ardhi. Kwa kawaida kura yenyewe lazima ipigwe hadharani.

Usiishie kwenye kichwa cha kipengele. Bonyeza viambatisho, kwa sababu kichwa huweza kusema tu kwamba bodi inaombwa kuidhinisha mapendekezo ya usafiri, na majina ya shule zitakazopoteza basi yakawa ukurasa wa kumi na nne wa kiambatisho. Tafuta ndani ya faili maneno haya: jina la shule yako, transportation (usafiri), boundary (mipaka), closure (kufungwa), consolidation (kuunganishwa kwa shule), bell schedule (saa za masomo), staffing (idadi ya walimu na watumishi). Programu za kutafsiri kwenye simu zinatosha kukuonyesha ni ukurasa gani una jambo lako. Kwa maana kamili ya ukurasa huo mtafute mtu anayesoma Kiingereza vizuri, kwani mashine hubabaika sana inapotafsiri lugha ya bajeti kwa Kiswahili.

5. Dai mkalimani, na umwache mtoto apumzike

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za shirikisho kubagua kwa asili ya taifa, na uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1974 katika kesi ya Lau v. Nichols uliweka wazi kwamba kumwacha mtoto gizani kwa sababu ya lugha ni kuvunja sheria hiyo. Wilaya zenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili huwa na ofisi ya lugha au wakalimani wa mkataba. Kwa vikao vya mpango wa elimu ya mtoto mwenye ulemavu, IEP, sheria ya shirikisho inaitaka shule ichukue hatua kuhakikisha mzazi anaelewa kinachoendelea, ikiwemo kumpatia mkalimani.

Omba kwa maandishi, siku kadhaa kabla, ukitaja tarehe na lugha. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Lubumbashi na mkalimani ni wa Mombasa, sema hivyo, ili akitumia neno usilolijua umsimamishe bila aibu. Usimtumie mwanao kukutafsiria. Mtoto wa miaka 11 hawezi kubeba maneno ya kufungwa kwa shule yake mwenyewe, na akiogopa atapunguza.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji: Mahakama Kuu iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler v. Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Kuhudhuria mkutano wa bodi na kusema hakuhitaji uraia. Ujue tu kwamba mikutano mingi hurekodiwa na video hubaki mtandaoni. Asiyetaka sura yake ionekane aandike barua badala ya kusimama kwenye maikrofoni.

6. Sema ukiwa na ombi mkononi

Sehemu ya wananchi kusema huitwa Public Comment. Kentucky, sheria ya 2022 inazitaka bodi za elimu zitenge angalau dakika 15 kwenye mkutano wa kawaida kwa ajili hiyo, kukiwa na watu waliojiandikisha. Sehemu nyingi hujiandikisha kwa simu au mtandao kabla ya muda maalumu, na kila msemaji hupata dakika mbili au tatu. Unapojiandikisha uliza kama muda wa mkalimani unahesabiwa ndani ya dakika zako, omba usihesabiwe.

Dakika tatu ni chache mno kwa salamu zetu ndefu. Andika, soma kwa sauti nyumbani ukiwa na saa, kata. Mfano wa maneno yanayofaa:

«Habari za jioni wajumbe wa bodi. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, darasa la tatu na la saba. Nazungumzia kipengele cha sita, pendekezo la kuondoa basi. Naanza kazi kiwandani saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu anatoka zamu ya usiku, anafika nyumbani saa mbili. Shule inaanza saa moja na dakika arobaini. Katikati hapo hakuna mtu mzima nyumbani, na kutoka kwetu hadi shuleni hakuna njia ya waenda kwa miguu. Naomba mambo mawili. Kabla ya kura, ofisi itoe idadi ya watoto wanaotegemea basi katika kila shule. Na kama basi litaondolewa, pawe na vituo vya pamoja vya kukusanyia watoto. Asanteni.»

Tazama ilivyojengwa: kipengele kimetajwa kwa namba, maisha yameelezwa kwa saa na hali ya njia, na mwishoni kuna maombi mawili ambayo bodi inaweza kuyatekeleza. Hakuna laana, hakuna historia ya vita. Wajumbe kwa kawaida hawajibu papo hapo, na ukimya wao si dharau, ni utaratibu. Kesho yake watumie maneno hayohayo kwa barua pepe, ukimtaja mjumbe wako kwa jina.

Kikao cha kazi, Work Session, ambacho hufanyika kabla ya mkutano wa kura, mara nyingi ndicho chenye mjadala wa kweli. Hata kama hakina nafasi ya wananchi kusema, kitazame. Utasikia ni mjumbe gani ana mashaka, na huyo ndiye wa kumpigia simu.

7. Gawaneni kazi

Mtu mmoja hawezi kutazama mikutano ya saa tatu kila mara na bado akaenda zamu. Kundi la WhatsApp la kanisa, msikiti au jumuiya linaweza, likiwa na utaratibu. Watu wanne wanatosha: mmoja apokee ajenda na kuisoma, mmoja atazame video, mmoja arekodi ujumbe wa sauti wa dakika tano kwa Kiswahili, mmoja aandikiane na mjumbe wa bodi. Na muwe na sharti moja msilolegeza: hakuna habari ya shule inayosambazwa bila kiungo cha waraka au dakika ya video. Uvumi kwamba shule fulani inafungwa umewahamisha watu nyumba bure.

Waraka usipoonekana mtandaoni, uombeni. Kila jimbo lina sheria ya kumbukumbu za umma. Kentucky mkazi huandika ombi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku tano za kazi. Msiombe «kila kitu kuhusu mabasi». Ombeni, kwa mfano, idadi ya safari za basi zilizochelewa zaidi ya dakika 30 katika shule mliyoitaja, kati ya tarehe fulani na fulani.

8. Ingia kwenye baraza la shule

Kwa mzazi asiye raia, naamini huu ndio mlango mkubwa kuliko yote. Tangu mageuzi ya 1990, shule nyingi za Kentucky zina baraza liitwalo SBDM, ambalo kwa kawaida lina wazazi wawili, walimu watatu na mwalimu mkuu. Wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao kila mwaka, mara nyingi mwisho wa mwaka wa masomo. Baraza hilo huweka kanuni za ratiba, nidhamu na jinsi walimu wanavyopangwa ndani ya jengo. Kura zinazopigwa ni chache, hivyo familia ishirini zilizopatana zinaweza kumweka mtu wao.

Chicago wana Local School Council, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1988, zenye nafasi sita za wazazi na mamlaka ya kumchagua mwalimu mkuu. Wazazi wasio raia hupiga kura na kugombea humo. California, shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe na kamati ya wazazi wao, ELAC, na wilaya yenye wanafunzi hao 51 au zaidi iwe na kamati ya ngazi ya wilaya, DELAC. Kamati hizi hushauri tu, lakini kumbukumbu zake huandikwa, na msimamizi mkuu wa wilaya hulazimika kujibu kwa maandishi maoni ya DELAC kuhusu LCAP.

9. Kura ikishapigwa

Usiondoke. Uamuzi wa bodi ni sentensi moja. Utekelezaji ni miezi. Baada ya kura, andika tarehe ambayo ofisi iliahidi kuleta ripoti, na siku hiyo fungua ajenda uone kama ripoti imo. Haimo? Mwandikie mjumbe wako mistari miwili. Maamuzi pia hurudi nyuma: Seattle ilianza 2024 na mipango ya kufunga hadi shule 21, ikapunguza hadi nne, na kufikia Novemba mwaka huohuo ikaachana na mpango huo baada ya wazazi kukataa mkutano baada ya mkutano.

Na raia, wakiwemo walioapa juzi, wapige kura ya bodi. Kentucky hufanyika Novemba ya miaka shufwa, na wagombea hawaandikwi chama, kwa hiyo watu wengi huiacha sehemu hiyo ya karatasi wazi. Daftari hufungwa karibu wiki nne kabla. Asiye raia, hata mwenye green card, asijiandikishe kamwe kwenye daftari la wapiga kura wa kawaida, hata afisa wa leseni za udereva akimpa fomu kwa bahati mbaya, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. San Francisco wameruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya elimu, kwa uamuzi wa wapiga kura wa 2016. Anayetaka kuitumia haki hiyo azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji.